Vikonyo Vilivyokatwa Msibani

Siku mliyoniaga nilipostaafu mliniomba niseme neno. Nikasimama, nikatazama sahani za pilau, nikakaa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimetoka eda juzijuzi tu, na sauti ilikuwa haijazoea watu. Kwa hiyo nimeandika. Elimu yangu ni ya darasa la saba, mtanisamehe pale maneno yatakapokwenda upogo. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuwa vichache na vyote vilichelewa.

Niliingia kazini kwenye kitalu hiki cha miche hapa Newala asubuhi ya ukungu, ule wa kutomwona mtu mpaka akusalimie. Nilipewa rundo la vifuko vyeusi vya plastiki na lundo la udongo. Nikajaza mpaka saa ya chai. Ndipo akaja mwanamke mfupi, kisu kidogo kimening'inia shingoni kwa uzi kama hirizi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hivi umejaza udongo au umejaza hewa?" Akakibonyeza kifuko kimoja, kikanywea. "Mche hauwezi kusimama humu. Mwaga vyote, anza upya. Umeolewa?"

Nikamwambia nimeolewa na ukoo gani. Akacheka mpaka akashika kiuno. Kumbe ukoo wake na ukoo wa mume wangu ni watani wa kuzikana tangu zamani. "Basi wewe ni mali yangu," akasema. "Ukimaliza kumwaga, kaniletee chai. Na mumeo mwambie nimemwona njiani, miguu yake bado imepinda."

Huyo ndiye Mama Zuhura, mzaliwa wa Lupaso. Wengi wenu hamkumkuta, alistaafu zamani. Kila ninachokijua kuhusu kubebesha mikorosho nilikipata kwake, pamoja na matusi yake ya utani ambayo sikuyaomba.

Kazi yenyewe mnaijua, ila nitaieleza kwa ajili ya watakaosoma bila kuijua. Unaotesha korosho yoyote, unapata mche. Mche huo hujui utazaa nini, maana mbegu ya mkorosho haimfuati mama yake. Basi unakata kichwa cha mche, unalipasua shina, unachomeka humo kikonyo, yaani ncha ya tawi kutoka kwenye mti uliouchagua. Unafunga kwa nailoni, unafunika juu kwa kifuko cha barafu za watoto. Vikishikana, mizizi ni ya mwingine na juu ni mti uleule uliouchagua. Hata wewe ukifa, mti ule unaendelea.

Siri iko kwenye kikonyo. Siku kadhaa kabla ya kukikata unapunguza majani yake, ili utomvu ujikusanye kwenye chipukizi. Ukikiwahi, hakina nguvu. Ukikichelewa, chipukizi limeshafunguka na hakishiki. Na hakivunjwi kwa mkono, kinakatwa kwa kisu kikali mara moja. Mama Zuhura alikuwa akipitisha kisu chetu kwenye unywele wa mkono wake. Kisiponyoa, anakurudishia, nawe unarudi kwenye jiwe la kunolea.

Miaka yangu ya katikati yote ilikuwa ya kukata. Ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa unayafanya maua meupe kama yamemwagiwa unga, watu wanapuliza salfa mpaka wanakohoa nyumba nzima, na mikorosho ya zamani haizai. Ikaja mikorosho iliyochaguliwa, inayozaa mapema na kwa wingi. Tukashuka nayo uwandani, Nanganga, Lukuledi, Lupaso. Tulikata mikorosho mikongwe ikabaki visiki, visiki vikachipua, tukabebesha machipukizi. Msidhani watu walishangilia. Huku kwetu mkorosho unarithiwa, kila mmoja una mwenyewe na una aliyeupanda. Bibi mmoja wa Nanganga alikubali tukate mingi ya kwake, halafu akatuletea uji. Mwenzetu mmoja akamshukuru. "Kunyweni tu," akasema. "Msibani watu hula."

Mikorosho ile mipya ilitubeba. Sitaki mtu asome hapa akafikiri tulikosea. Nyumba nyingi za bati mnazoziona kutoka Masasi hadi huku juu zimetokana nayo. Lakini asili yake ilikuwa miti michache tu. Ukitembea shamba hadi shamba, unakutana na mti mmoja uleule mara elfu.

Isipokuwa kwangu. Mume wangu, Baba Somoe, alikuwa na shamba la urithi kule kwenye mteremko, nalo tulilibadilisha lote. Akabakiza mkorosho mmoja katikati, alioupanda mama yake. Ulizaa korosho ndogo kama kunde, nasema kwa kutia chumvi, ila mabibo yake yalikuwa matamu kuliko yote niliyowahi kuonja. Kila mwaka nilimwambia, "Niruhusu niubebeshe." Kila mwaka alinijibu, "Wewe kakate ya watu. Huu ni wa mama, uache uzeeke kama tunavyozeeka." Kitaluni walinicheka. Mbebeshaji ana mkorosho wa kienyeji nyumbani kwake, kama kinyozi mwenye mume wa nywele timtim.

Hali ya hewa ilianza kubadilika taratibu hivi kwamba sikumbuki mwaka. Nakumbuka koti. Zamani mwezi wa saba sikuweza kufanya kazi asubuhi bila koti la Baba Somoe. Baadaye nikawa nalisahau nyumbani, na baadaye akalichukua mwenyewe kwa kuwa silivai. Mvua ikawa inanyesha maua yakiwa wazi, au inakatika miche ikiwa imetoka tu kitaluni. Mikorosho ikachanua mara mbili, kama mtu aliyesahau kwamba ameshakula.

Halafu ukaja mnyauko. Huu ninyi mnaujua kuliko ubwiriunga. Tawi moja linakuwa la njano, wiki chache mbele mti mzima umesimama na majani yake makavu, haujayaangusha hata. Unatokea ardhini, unaingilia mizizini, na salfa haiufikii. Shambani kwetu ulianzia chini ukapanda juu. Na kwa kuwa mikorosho ile ilikuwa mti mmoja uliorudiwarudiwa, kilichoushinda mmoja kikaishinda yote.

Wakati huo alikuwa ameletwa mtaalamu, Neema, msichana kutoka mbali aliyejifunza kula kisamvu chetu bila kulalamika. Alikuwa na simu ambayo ukiipigisha picha ya jani inakwambia ugonjwa. Tulienda nayo shambani kwetu. Ikasema mnyauko. Baba Somoe akaichungulia.

"Inasemaje kuhusu dawa?"

"Dawa bado, Baba."

"Basi hata mimi ningeweza kuwa simu."

Neema akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mkorosho wa katikati. Ulikuwa wa kijani. Majirani zake wote walikuwa wamekufa. Akauzunguka, akachimba kidogo pembeni ya mizizi, akachukua udongo. Majibu yalipokuja yalionyesha kwamba ugonjwa ulikuwepo pale pale chini yake. "Labda unastahimili," akaniambia. "Labda ni bahati. Hatutajua mpaka tupate watoto wake." Akachukua korosho za mti ule, alizookotewa na Baba Somoe, akaziotesha kitaluni ziwe miche ya chini, maana mnyauko huanzia mizizini na alitaka mizizi ya ukoo huohuo. Vikabaki vikonyo vya juu. Tukapanga kwamba msimu wa vikonyo ukifika, nitakwenda kuvikata mwenyewe. Baba Somoe alikubali. "Sasa mnauona una maana," akasema, na hilo alilifurahia siku nyingi.

Alifariki msimu huo ukiwa mlangoni. Alikohoa wiki moja, tukampeleka hospitali, akarudishwa akiwa amefunikwa. Mengine ya siku ile nitabaki nayo mwenyewe.

Hapa ndipo jambo lilipokwama. Kwa desturi yetu, shamba lilihamia kwa mpwa wake, Hamisi, mtoto wa dada yake. Hamisi si mtu mbaya. Bwana shamba alikuwa amemwambia, kama walivyoambiwa wote, kwamba miti iliyokufa na inayopakana nayo ikatwe na kuchomwa, naye alitaka kusafisha lote alime ufuta. Mkorosho wa katikati ulipakana na wafu pande zote. Na desturi nyingine ya ukoo wao ni kwamba chuma chenye makali hakiingii shamba la marehemu mpaka arobaini ipite. Wala jembe, wala panga, wala kisu. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa eda, sitoki. Arobaini ikiisha, machipukizi yatakuwa yameshafunguka, na Hamisi ataingia na msumeno wa mashine. Nilimwita nikamweleza kutoka nyuma ya pazia.

"Mama, mimi ningekupa hata leo," akasema. "Lakini niwe wa kwanza kuingiza kisu kwa mjomba, na udongo wake bado mbichi? Wazee watanila."

"Na baada ya arobaini, huwezi kuusubirisha mpaka mwakani?"

"Watu wa mashamba ya jirani wananisema, Mama. Wanasema maradhi yanatoka kwangu."

Sikumlaumu. Nililala nimeugeukia ukuta. Sikuwa nalilia mti, nasema kweli, nilikuwa nalilia mtu. Lakini nilijua kwamba mti ule ukienda, hakuna mahali pengine nitakapoupata.

Siku ya tatu ya msiba akaja Mama Zuhura kutoka Lupaso. Amezeeka, anatembea na mkongojo, lakini mtani wa kuzikana akifika msibani haulizwi umri. Alianzia uani. Alivaa kofia ya marehemu, akajifunga koti lake, akapita katikati ya wanaume akikohoa vile vile alivyokohoa yeye. "Nani kaweka chumvi hii? Nimeondoka siku tatu mnataka kunifilisi?" Watu waliokuwa wakilia wakacheka, waliokuwa wakicheka wakalia. Akaziba mlango kwa mkongojo, akasema hakuna atakayekula mpaka apewe kuku. Akapewa.

Ndipo akaingia chumbani kwangu, akakaa kwenye mkeka, akanishika mguu. Mbele za watu alisema, "Mjane gani huyu mnene." Walipotoka, sauti ikabadilika.

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa, Mama."

"Hujapoa. Kuna kingine. Sema."

Nikamwambia juu ya mti, vikonyo, kisu, arobaini na Hamisi. Alinisikiliza huku akitafuna paja la kuku.

"Majani yameshapunguzwa?"

"Nani angepunguza?"

"Wewe lia," akasema akiinuka. "Mimi nina kazi."

Alikwenda shambani mchana ule, na kundi la watu nyuma yake wakijua ni mchezo. Waliniambia alisimama mbele ya mkorosho, akausalimia shikamoo mama mkwe, kisha akawaamuru wanawake wayapukutishe majani ya ncha za matawi aliyowaonyesha, moja moja, kwa vidole. "Tunamvua marehemu mapambo," akasema. Wakapukutisha huku wakiimba. Hamisi alikuwepo, anacheka. Mikono si chuma, na hakuna aliyeona kosa.

Zilipopita siku za kutosha tangu majani yaondolewe, akarudi. Safari hii hakuja na kundi. Alikuja na kile kisu shingoni, na gunia lililoloweshwa maji. Akamkuta Hamisi uani.

"Mtani, nimekuja kuchukua changu."

"Kuku uliyepewa hajatosha?"

"Kuku ni wa mdomo. Sasa nataka wa shambani. Marehemu alikuwa na nywele kichwani, nakwenda kumnyoa."

Hamisi akaelewa. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia akivuta pumzi. "Bibi, chuma hakiingii."

"Chuma cha nani hakiingii? Cha kwenu. Chako wewe, cha baba yako mdogo, cha wazee wako wale waliokaa pale wanajifanya hawasikii." Wazee wakatazama kando. "Mimi ni mtani. Msiba huu nimelala kwenye kitanda cha marehemu na viatu, mkaniona. Nimekula kabla ya wazee, mkaniona. Kilichokatazwa kwenu ndicho changu. Au mmefuta utani? Semeni, nikawaambie watu Lupaso kwamba siku nikifa msije."

Mzee mmoja akasema polepole, "Mwache apite. Mtani hazuiwi."

Akapita. Aliporudi, gunia lilikuwa zito. Alikata kila kikonyo kilichofaa, akavipanga kwa upande mmoja, vichwa vyote huku, kama alivyonifundisha. Neema akaleta miche ya chini mpaka uani kwangu, maana mimi sikuweza kwenda kitaluni. Nikabebesha nikiwa nimekaa ndani ya eda, kwenye kibaraza cha nyuma, mgongo kwa watu. Kisu kilinikata mara mbili. Mama Zuhura alifunga nailoni huku akinilaumu kwamba nimesahau kazi.

Eda inampa mtu nafasi ya kufikiri hata asipoitaka. Nilikuwa nikikaa mbele ya miche ile nafikiri mambo makubwa kuliko elimu yangu. Neema aliniambia kuna mashine zinazopiga hesabu za joto la miaka mingi mbele, watoto wa wajukuu wetu wakiwa wazee, na hazijui kama mkorosho utakuwa bado unakaa huku juu au utakuwa umehama, au watu ndio watakuwa wamehama. Aliniambia pia wapo wanaotengeneza mimea ndani ya chupa, na kwamba siku moja mtu ataweza kusoma mche mzima kama unavyosoma barua kabla haujaota. Nilimuuliza, "Atausoma kutoka wapi, kama mti wenyewe tumeuchoma?" Akasema ndiyo hofu yake hiyo hiyo, ndiyo maana hulala vibaya.

Sioni kama mashine ni adui. Kile kidege kisicho na rubani kinachopuliza dawa kimewaokoa vijana wangu wasikohoe kama sisi. Ila mashine ni mbebeshaji mwenye mikono mingi. Mimi nilichukua miti michache nikaijaza wilaya nzima kwa kisu kimoja. Ninyi kwa vyombo vyenu mtaijaza nchi nzima kabla ya mvua mbili. Mkichagua vizuri, watu wa mbele watashiba na hawatawajua. Mkichagua kimoja tu, siku kimoja hicho kikinyauka watakuwa hawana pa kurudi. Babu zetu waliishi huku juu bila mkorosho, kwa mtama na mihogo. Wajukuu wanaweza kuishi bila mkorosho pia, sijui. Lakini wasiukose kwa sababu sisi tulikuwa na haraka.

Vikonyo vingi vilikauka. Nilifungua vifuko vya barafu kimoja kimoja, nikakuta vyeusi. Michache ilishika. Ilipotoa majani ya kwanza, yale mekundu mekundu, sikumwita mtu.

Arobaini ilisomwa. Kesho yake nikasikia msumeno kutoka kwenye mteremko. Ulinguruma, ukanyamaza, ukanguruma tena. Jioni Hamisi akaja akakaa nje ya pazia. Akasema, "Nimemaliza, Mama." Nikamwambia, "Haya, mwanangu. Nenda kale."

Nilipotoka eda mvua zilikuwa zimeanza. Neema akaja na miche na neno gumu. Mmoja angeuweka kitaluni, uwe mama. Iliyobaki alitaka ipandwe kule kule shambani kwetu, kwenye mashimo ya mikorosho iliyokufa, ndani ya udongo wenye ugonjwa. "Tukiipanda kwenye udongo safi itapendeza," akasema, "na hatutajua chochote." Aliogopa kuniambia, nikaona. Alisema kama sitaki, atatafuta njia nyingine.

Nilitaka kukataa. Ile ilikuwa yote iliyobaki ya mti wa mama mkwe wangu, na mizizi yake ni ya korosho ambazo mume wangu aliziokota kwa mikono yake. Nikatazama majani mekundu. Nikasema tuipeleke.

Shamba ni la Hamisi, ikabidi aombwe. Alikubali upesi kuliko nilivyotegemea, akatuachia pale katikati asipande ufuta, akachimba mashimo mwenyewe. Alipofika la mwisho akasimama na jembe.

"Mama, ikifia humu?"

"Tutajua haistahimili, tusiwape watu."

"Na isipokufa?"

"Hapo ndipo kazi inaanza. Chimba."

Miche ile ipo mpaka ninapoandika. Yote imesimama isipokuwa mmoja ulioanza manjano kwenye tawi la chini. Nilimpigia Neema siku hiyo hiyo nikamwambia. Alitaka kujua kama labda ni jua. Nikamwambia si jua.

Mmoja wenu atapewa kazi ya kuitazama, mwaka baada ya mwaka, maana mnyauko una subira kuliko watu. Hamisi atawaonyesha njia. Nitawaomba jambo moja. Kiangazi kitakapoingia, mtaiona imeinamisha majani mchana, nanyi mtakuwa na maji kwenye chupa. Msiimwagilie. Imepandwa pale ijaribiwe, na huruma yenu itaudanganya ulimwengu. Mimi napita pale karibu kila siku nikitoka bombani, ndoo imejaa kichwani, maji yananidondokea begani. Nasimama kidogo, naangalia, kisha naenda nayo nyumbani yote.